Samaki wa Giza, Watu wa Mbalamwezi

Kwa shangazi yangu, Ujiji, mwezi ndio uliopanga chakula. Siku za giza wavuvi waliingia ziwani jioni na karabai zao, na asubuhi dagaa walijaa hata jirani akampelekea jirani bila kuombwa. Mwezi ukikaribia kupevuka, ziwa zima likiwa jeupe, dagaa hawaifuati tena taa. Mitumbwi ilipandishwa mchangani, nyavu zikaletwa uani kushonwa, nasi tukarudi kwenye sombe, yaani kisamvu, na maharage. Mtu angedhani hizo ndizo siku za huzuni. Kwangu zilikuwa siku bora kuliko zote, kwa sababu samaki walipoadimika ndipo watu walipokuwa nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Shule ya msingi nilisoma kwa Kirundi na Kifaransa. Baba alitaka nisome Kiingereza, na dada yake alikuwa ameolewa Ujiji; hapakuhitajika kikao. Mwaka 1991 nilipanda meli ya Liemba na sanduku la bati, nikaenda kuanza kidato cha kwanza katika nchi ya watu.

Mume wa shangazi, ambaye nilimwita Mjomba, alikuwa fundi bandarini Kigoma. Alinipokea ngazini, na kabla hajaniuliza habari za nyumbani akaanza kunisimulia habari za meli niliyoshuka. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande na kuiunganisha papo hapo Kigoma. Mwaka 1916 wakaizamisha kwa mikono yao ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Aliisema historia hiyo kama anayesema ya mzee wa ukoo, na nilimpenda saa ileile.

Nyumbani nilikabidhiwa kwa Bibi, mama yake Mjomba. Wazee wake walivuka kutoka Umanyema, ng'ambo ya magharibi, zama za misafara, kama wazee wa nyumba nyingi za Ujiji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza baba yangu ni nani, babu yangu ni nani, na mama wa babu alitoka wapi. Nilipomtaja bibi mmoja wa Ubwari, ng'ambo hiyohiyo ya ziwa, Bibi akanisimamisha. "Basi wewe ni wa hapa," alisema. "Nenda jikoni, wenzio wanachambua sombe."

Hivyo ndivyo nilivyopokewa. Sikukalishwa kitini kama mgeni hata siku moja, na mpaka leo naamini huo ulikuwa upendo mkubwa. Mwanafunzi wa ugenini akihudumiwa sana hubaki mgeni. Mimi nilipewa mchi.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mawese. Binamu zangu walileta vishada vya michikichi kutoka shambani Simbo, tukazipukusa chikichi, vidole vikichomwa na miiba, tukazichemsha kwenye pipa mpaka zilainike. Kisha kinu. Wawili wawili tulitwanga kwa zamu, mmoja akiinua mchi mwenzake akishusha, na aliyekosea mapigo alizomewa na uwanja mzima. Shangazi alimimina maji ya moto, akakamua makapi kwa mikono yake, mafuta yakaelea, mekundu, akayaengua na kuyarudisha motoni mpaka maji yakauke. Kokwa hazikutupwa. Zilianikwa siku nyingi, zikagongwa kwa jiwe, na viini vyake vikatoa mafuta ya mise. Bibi alinipaka hayo nywele kila Ijumaa, nimekaa chini kati ya magoti yake, akinihadithia nani alimwoa nani na kwa nini waliachana.

Mawese ya moto huo ndiyo yaliyopika migebuka. Mgebuka ana mafuta yake mwenyewe. Shangazi alimbanika kwanza juu ya mkaa, taratibu, ngozi ikaanza kupasuka, ndipo akamwingiza kwenye mchuzi wa nyanya, kitunguu, mawese na pilipili nzima isiyotobolewa. Ugali ulikuwa wa muhogo, mweupe, wa kuvutika. Kwetu Bujumbura pia samaki huyohuyo tulimla, na mama yangu alikuwa mpishi hodari, lakini kule alinunuliwa sokoni akiwa amechoka. Ujiji alifika mkia ukiwa bado mgumu. Wanawake na watoto tulizunguka sinia moja, na Bibi alichambua nyama ya tumboni, yenye mafuta zaidi, akaisukuma upande wangu kwa vidole bila kusema neno.

Wageni wa kigeni walikuja Ujiji kutazama mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, na miembe iliyo karibu yake. Walipiga picha, wakarudi Kigoma siku hiyohiyo. Niliwahurumia. Waliuona mji, na hawakuonja chungu chake.

Usiku wa mbalamwezi, wavuvi wa nyumba yetu, ambao nao niliwaita wajomba, wakiwa wamekaa wanashona nyavu, tulisoma kwa chemli barazani. Binamu yangu wa kidato cha tatu alinisomesha biolojia kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Shangazi, ambaye hakusoma shule, alitukatiza: tumweleze na yeye kwa Kiswahili, maana kama hatuwezi kumweleza basi hatujaelewa. Tulimweleza moyo wa chura, tukamweleza mishipa. Wavuvi nao wakaingilia, wakamleta mgebuka, wakampasua mbele yetu na kutuonyesha moyo wake. Sijapata mwalimu wa sayansi kuwashinda.

Kisha ikaja Oktoba 1993. Rais wetu, Ndadaye, aliyechaguliwa mwezi wa Juni, aliuawa tarehe 21, na redio ya Mjomba haikuzimwa tena. Maelfu kwa maelfu walikuwa wakivuka mipaka. Kila asubuhi kabla ya shule nilipitia mwaloni kuuliza habari kwa waliotoka upande wa Bujumbura. Mwishowe boti iliyotia nanga Kibirizi ilikuwa na mama yangu, wadogo zangu, na majirani wa Buyenzi ambao sikujua kama nao ni ndugu.

Bibi aliwapanga mstari uani, akawauliza yale yale: baba nani, babu nani, mama wa babu katoka wapi. Jirani mmoja hakuwa na jibu linalofika popote ziwani. Watu walinyamaza. Bibi akafikiri kidogo, akasema mtu aliyekula na watoto wetu Buyenzi ni mtoto wetu, aende akachukue mchi.

Ulikuwa mwezi mpevu, dagaa hakuna. Shangazi aliongeza sinia la pili, halafu la tatu la kuazima, sombe ikatwangwa mara mbili kwa siku, na unga wa muhogo ukaletwa na nyumba ambazo nazo zilikuwa zimepokea watu wao. Mama yangu alikaa siku za mwanzo bila kula, anatazama ukuta. Shangazi hakumbembeleza. Alimwekea mbele yake kapu la sombe, naye mama, mikono ikijiendea yenyewe, akaanza kuchambua. Jioni ile alikula.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka uliofuata, nikiwa na walimu wengi zaidi barazani. Baadhi ya wale waliokuja walirejea Bujumbura. Wadogo zangu wawili waliolewa Ujiji, na yule jirani asiye na ukoo akaoa kwa wajomba wavuvi. Watoto wake leo ni binamu zangu kweli. Bibi na Shangazi wametangulia mbele ya haki. Mama yangu bado yuko Ujiji, hataki kusikia habari ya kuhama. Nikipiga simu kumjulia hali, hunisimulia kwanza ziwa: kama ni giza, kama ni mbalamwezi, na nani yuko nyumbani.