Vavu ya Kuzuia Maji Kurudi

Miaka mingi nilikuwa fundi bomba wa nyumba za watu, kuanzia Mbagala hadi Tegeta. Kata, choma, funga, fungua koki. Maji yakitoka kwa presha na pasipovuja, mwenye nyumba analipa, naondoka. Kilichonibadilisha ni jengo la sayansi la chuo kikuu, ghorofa nne za maabara, ambako mkandarasi wa mabomba alinichukua pamoja na vijana wangu.

Kwenye ramani, maji safi yalichorwa mara mbili: ya kunywa njia yake, ya maabara njia yake na tenki lake. Nikauliza kwa nini tununue mabomba mara mbili wakati yote yanatoka barabarani. Injinia wa mitambo, binti wa umri wa mwanangu, akanionyesha koki ya maabara, ile yenye mdomo wa kuvalishia mpira.

"Mzee wangu, mwanafunzi ataacha mpira ndani ya chupa ya kemikali. Bomba la chini likipasuka, itakuwaje?"

Nimeshanyonya petroli kwa mpira ujanani, kwa hiyo jibu nililijua: bomba lingeinyonya kemikali. Ndiyo maana maji ya maabara huanguka kwanza kwenye tenki, mdomo wa bomba ukiwa hewani, mbali na uso wa maji. Pengo hilo likiwepo, hakuna cha kunyonywa.

Majitaka nayo yalikuwa na masharti. PVC niliyoizoea ilipigwa marufuku chini ya sinki za kemia kwa sababu asetoni huilainisha; tukaunganisha polipropilini kwa joto, bila gundi. Asidi ilipitishwa kwenye chemba yenye mawe ya chokaa. Mawe hayo huliwa na asidi na lazima yaongezwe, hivyo mfuniko uliachwa wazi bila vigae, jambo ambalo fundi vigae hakulipenda hata kidogo. Bafu la dharura, kwa kiwango cha Marekani tulichokifuata, humwaga lita 75 hivi kwa dakika, kwa dakika 15. Piga hesabu: zaidi ya simtanki la lita 1,000 kwa mtu mmoja! Tena joto lisizidi nyuzi 38, na kwa jua la Dar bomba lililopita paani bila kufunikwa lingembabua aliyeungua tayari.

Somo lililonikaa zaidi lilitokana na fundi wa hewa, ambaye kwa muda mrefu tulisalimiana kwa shingo upande. Maabara ya kemia ina makabati ambamo mvuke mbaya hufyonzwa na feni za paani. Hewa huingia mdomoni mwa kabati kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde, na ikishatoka hairudishwi ndani. Tulipowasha feni kwa majaribio, chumba kizima kikanuka majitaka. Lawama zikaniangukia mimi. Bomba nilikuwa nimelipima kwa maji mbele ya mshauri, na kipimo hakikushuka. Mwenzangu naye akaapa kwamba dakti zake ni safi. Binti hakubishana na yeyote. Aliomba ndoo ya maji, akaimimina kwenye tundu la sakafuni. Baada ya muda harufu ikakata.

Trapu ya tundu hilo, ile kona ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia harufu, ilikuwa imekauka, kwa joto na kwa kukaa bila kutumika. Feni za kuingiza hewa zilikuwa hazijapata umeme, kwa hiyo zile za kutoa ziliponyonya, chumba kikatafuta hewa popote, hadi ndani ya bomba la majitaka. Tukavuta kibomba chembamba cha kuilisha trapu maji, na tangu hapo mimi na fundi wa hewa tukawa tunasoma ramani moja mezani. Nilianza hata kumuuliza feni inavuta kiasi gani kabla sijatoboa sakafu.

Siku hizi nikiitwa kufunga koki ya bustani, nauliza mpira utaishia wapi. Mitaani maji hukatika, na bomba lililo tupu hunyonya. Mpira uliozama kwenye ndoo ya dawa ya mchwa unaweza kuirudisha dawa hiyo hadi kwenye koki ya jikoni. Kwa hiyo nadai vavu ya kuzuia maji kurudi. Wengine husema natafuta pesa, na wapo waliokwenda kwa fundi mwingine. Anayekataa halafu bado akataka nimfungie, namwandikia kwenye risiti kwamba vavu alishauriwa, akakataa, kisha tunatia saini wote wawili.