Kamina: Lugha ya kompyuta inayosema Kiswahili yatafuta marafiki

KAMINA, Haut-Lomami – Siku ya kwanza watu walikuwa wengi. Wazazi, wanafunzi wa sekondari na vijana wawili watatu wasio na kazi walijaa ndani ya chumba kidogo karibu na gare, mahali ambapo siku zingine watu wanakuja kutoa fotokopi. Kijana mmoja wa mji, aliyemaliza masomo ya informatiki, alisimama mbele yao na kusema karibu saa nzima juu ya Nuru.

Nuru ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ilitengenezwa na vijana wa Tanzania, na maneno yake yote ya amri ni ya Kiswahili. Pale Python au JavaScript inapotumia Kiingereza, Nuru inatumia fanya, andika, kama, sivyo, wakati, rudisha. Ni ya bure, na kodi yake iko wazi kwa kila mtu anayetaka kuisoma.

Kijana alisema hayo yote. Akasema pia kwamba Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya mwaka wa 2006, na kwamba tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watu walipiga makofi. Posho iliyofuata, walirudi watoto wawili tu.

Mama mmoja anayeuza mahindi sokoni, mama wa mmoja wa watoto hao wawili, ndiye aliyemwambia ukweli: «Papa, ulituambia ni ya kwetu. Haukutuambia inafanya nini.»

Neno hilo lilimkaa moyoni. Siku iliyofuata akaomba mama amwonyeshe kaye yake ya hesabu: meka ngapi zimeuzwa, kwa franga ngapi, nani amekopa. Posho ya tatu hakutoa hotuba. Aliandika mistari mitatu, kwa bei ya mfano:

fanya meka = 12
fanya bei = 1500
andika(meka * bei)

Kompyuta ikajibu 18000. Mtoto wa yule mama akaomba kujaribu yeye mwenyewe. Mstari wa mwisho akaandika «mekka», na mashine ikakataa: Neno Halifahamiki. Watoto wakacheka, lakini hakuna aliyeuliza maana. Mtoto akarudi kwenye mstari, akaona herufi iliyozidi, akaifuta.

Kwa mtu anayefundisha, hapo ndipo kwenye faida. Mtoto wa Kamina mara nyingi anasema Kiluba nyumbani, Kiswahili barabarani, Kifaransa darasani. Akianza programu, anaongezewa Kiingereza. Akikosea, mashine inamkaripia kwa lugha ya nne, naye anafikiri kwamba yeye ndiye hana akili.

Si kwamba Kiswahili cha Nuru ni kile cha Kamina. Neno unda, linalotumika kutengeneza kipande cha programu cha kuitwa tena na tena, liliwasumbua. Hapa watu wanasema kutengeneza. Ktk, yaani katika, wengine waliona kama makosa ya chapa, kwa sababu hapa ni «mu». «Yaya, hii ni Kiswahili ya wapi?» aliuliza msichana mmoja. Wakaandika ukurasa mzima kwenye kaye: neno la mashine upande mmoja, neno la Kamina upande mwingine. Ni ukurasa mmoja tu. Kwa Kiingereza wangejaza kaye nzima.

Swali gumu lilitoka kwa baba mmoja aliyefanya kazi ya reli miaka mingi: «Hii itamupa mutoto kazi?»

Kijana angeweza kusema ndiyo, na baba angefurahi. Alisema hapana, si yenyewe. Makampuni yanaomba Python, PHP, JavaScript. Nuru bado ni changa. Vitabu vyake ni vichache, na programu zilizokwisha kuandikwa nayo ni chache vilevile. Lakini kuipa hesabu jina, kuuliza «kama», kurudia kazi «wakati» sharti bado ni kweli, hayo yote yako ndani ya Python pia. Mtoto akishayaelewa, kinachobaki ni kubadilisha maneno. Baba hakujibu kitu, lakini mtoto wake hakumtoa.

Ufaransa nao walijaribu njia kama hii. Katika miaka ya 1970, shule za sekondari 58 zilipewa kompyuta na lugha iliyoitwa LSE, yenye amri za Kifaransa. Iliungwa mkono na serikali, lakini ilishindwa na BASIC, lugha ya Kiingereza iliyozaliwa 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani. BASIC ilikuja tayari ndani ya kompyuta ndogo ambazo watu walinunua. Mtu akiwasha mashine, anaikuta.

Kwa hiyo kijana wetu anatafuta mashine ambayo watu wa Kamina wanayo tayari, na hiyo ni simu. Nuru inaingia kwenye simu ya Android kwa njia ya programu inayoitwa Termux. Mega zinahitajika siku ya kuiweka tu; baadaye mtoto anaandika hata bila intaneti, hata umeme ukikatika, mpaka moto wa simu uishe.

Kiswahili chenyewe hakikufika Katanga kwa sifa. Kilitembea na kazi, kwenye migodi na kwenye reli, kwa sababu watu wa makabila mengi walihitaji kusikilizana wakati wa kuinua mzigo mmoja.

Posho iliyopita walikuja watoto saba. Mama wa mahindi hajaacha kaye yake, na hana mpango wa kuiacha. Ila jioni mwanawe anahesabu upya kwenye simu, na juma lile hesabu mbili zilipishana kwa franga 3000. Walitafuta kosa pamoja, mstari kwa mstari. Lilikuwa kwenye kaye.