Donda Ndugu la Mguu: Kutoka Yusoli Hadi Maji ya Chumvi

Kwa miaka mingi donda ndugu la mguu wa mwenye kisukari, katika hospitali za Kampala kama kwingineko palipofuata mafunzo ya Waingereza, lilioshwa kwa yusoli. Dawa hiyo ya klorini na asidi ya boriki ilibuniwa Edinburgh mwaka 1915 kwa majeraha ya vita, na wauguzi wazee bado wanaikumbuka kwa harufu. Gozi ililowekwa, ikashindiliwa ndani ya kidonda, ikaachwa ikauke, kesho yake ikabanduliwa. Ilitoka na usaha, na pamoja nao nyama changa nyekundu iliyokwisha kuota, damu ikachuruzika. Mara nyingi mgonjwa hakulalamika, kwa kuwa unyayo ulikuwa umekufa ganzi. Ganzi hiyohiyo ndiyo inayomfanya mtu akanyage kaa la sigiri bila kusikia moto.

Mwaka 1962, lilipofunguliwa jengo jipya la hospitali ya Mulago mjini Kampala, mtafiti George Winter alichapisha Uingereza majaribio yake kwa nguruwe: jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu liliota ngozi kwa kasi karibu mara mbili ya lililoachwa likauke. Mwaka 1985 ikaonekana kwa sungura kwamba yusoli husimamisha damu katika vimishipa vinavyojenga nyama mpya. Yusoli ikapoteza heshima, maji ya chumvi yakashika nafasi yake.

Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi halikuhusu dawa ya kupaka. Kidonda cha unyayo kinachokanyagwa kila siku hakifungi, hata kipakwe nini. Kazi ya kwanza ni kukata nyama iliyokufa na sugu inayokizunguka, kupima mapigo ya damu mguuni, kushusha sukari, na kuuondolea unyayo uzito kwa plasta, njia ambayo daktari Paul Brand aliieneza kwa wagonjwa wa ukoma India. Antibiotiki hutolewa penye maambukizi tu. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa 2023 haupendekezi asali wala vitambaa vya kuua vijidudu kwa lengo la kufungisha kidonda. Asali bado hupakwa majumbani. Muuguzi mwenye busara hamgombezi mgonjwa, humtazama kwanza viatu alivyovaa.

Kitambaa cha kidonda kilichotiwa sukrosi oktasalfeti kilionyesha manufaa katika jaribio la Ulaya lililochapishwa 2018. Lakini mgonjwa wa kawaida wa Kampala hununua gozi, bandeji na chupa ya maji ya chumvi. Damu ikiwa inafika mguuni, na mguu ukipumzishwa kweli, vitu hivyo hufunga vidonda vingi.