Kukatika kwa Muunganisho katika Programu za Ujumbe za Java

Mwaka 1998 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa JMS, yaani kanuni zinazoeleza namna programu za Java zinavyotumiana ujumbe kupitia seva inayoupokea, kuuhifadhi kwenye foleni na kuufikisha kwa mpokeaji. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alijifunza kazi kanuni hizo zikiwa bado changa, wakati ambapo kukatika kwa muunganisho kulihesabiwa kuwa ajali ya nadra, ambayo msanidi programu aliiwekea mistari michache ya msimbo na kuendelea na mambo mengine.

Chombo kilichotolewa na JMS kwa kazi hiyo ni kisikilizaji cha hitilafu, kiitwacho ExceptionListener, ambacho huitwa muunganisho unapoharibika. Waliokihitaji zaidi ni wapokeaji, kwa kuwa programu inayotuma huigundua hitilafu mara ijaribupo kutuma, ilhali inayopokea hukaa ikisubiri, na kwake foleni tupu na muunganisho uliokufa huonekana sawa. Kanuni zilitaka maktaba ya ujumbe ijaribu kwanza kulitatua tatizo yenyewe, lakini hazikueleza kwa njia gani, na kwa hiyo kila msanidi alijiandikia utaratibu wake wa kufunga muunganisho wa zamani, kusubiri, kufungua mpya na kuwasajili upya wapokeaji wote.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa kukatika kusikotangazwa. TCP, kanuni inayosafirisha data kati ya kompyuta, haina njia ya kujua papo hapo kwamba kebo imechomolewa, au kwamba kifaa cha ulinzi wa mtandao kimeufuta muunganisho uliokaa muda mrefu bila kazi, na hata kipimo chake cha uhai, pale kinapowashwa, kwa kawaida husubiri saa 2 kabla ya kuuliza. Ndipo mapigo, yaani vifurushi vidogo ambavyo pande mbili hutumiana kila baada ya muda ili kuthibitisha kuwa zipo, yalipopata umuhimu; matoleo ya karibuni ya seva ya RabbitMQ hupendekeza muda wa sekunde 60.

Kazi ya kuunganisha upya nayo ikahamia hatua kwa hatua kwenye maktaba. Katika ActiveMQ, seva nyingine ya ujumbe, msanidi huorodhesha anwani za seva kadhaa baada ya neno failover, na maktaba huzijaribu yenyewe, ikianza kwa kusubiri milisekunde 10 na kuuongeza muda huo maradufu hadi sekunde 30, ili seva inayoamka isilemewe na wateja wanaorudi kwa pamoja. Maktaba ya Java ya RabbitMQ, kuanzia toleo la 4.0, hurejesha muunganisho pamoja na foleni na wapokeaji wake bila kuombwa.

Hata hivyo, muunganisho uliorejeshwa hausemi lolote kuhusu ujumbe uliokuwa njiani ulipokatika. Mpokeaji akiwa amekwisha kuushughulikia ujumbe, lakini uthibitisho wake haukuifikia seva, seva huutuma tena ukiwa na alama ya JMSRedelivered, na ikiwa ujumbe huo ni agizo la malipo, mteja anaweza kukatwa fedha mara mbili. JMS 2.0 ya mwaka 2013 ilizilazimu seva zote kuhesabu pia mara ambazo ujumbe umefikishwa, lakini hesabu hiyo huonya tu, haizuii. Kinga ya kweli ni kuupa kila ujumbe namba ya pekee, kisha kuiandika namba hiyo kwenye hifadhidata katika muamala uleule unaotekeleza kazi, ili ujumbe ukija mara ya pili utambuliwe na kuachwa.

Msanidi wa leo, basi, aiachie maktaba kazi ya kuunganisha upya, kwa sababu inaifanya vizuri kuliko misimbo ya zamani iliyoandikwa kwa mkono, lakini asiiachie kamwe hatima ya ujumbe, kwa kuwa maana ya ujumbe huo anaijua yeye peke yake.