Embe Huokolewa Chini ya Mti

Nyuma ya nyumba yetu hapa Pangani ipo miembe aliyoipanda baba mkwe wangu, boribo na dodo, na kwa misimu mingi embe zake ziliishia jalalani. Kwa nje ni embe ya kumwekea mgeni mezani. Ukiipasua, nyama imegeuka uji na funza weupe wanahangaika kuzunguka kokwa. Watoto wakafika mahali pa kuzikataa, wakawa wanaomba hela za embe za sokoni, ambazo nazo mara nyingi zilikuwa hivyo hivyo.

Dawa iliyojulikana mtaani ilikuwa moja: bomba. Embe zikianza kujaa, kijana alikuja na bomba lake mgongoni, akapuliza miembe, akapuliza mchicha, akamalizia na kuta za jikoni kwa ajili ya mende. Tulianua nguo, tukafungia kuku, tukakaa nje mpaka harufu ipungue. Embe zikaoza. Msimu uliofuata dawa ikaongezwa ukali, na embe zikaoza tena.

Aliyenifumbua macho ni bwana shamba aliyekuja kwa jirani kuangalia minazi. Hakunihutubia. Alichuma embe iliyokuwa inaanza kukomaa, akaniomba kisu, akanionyesha kitundu ambacho siku zote jicho langu lilikuwa likikipita, kimezungukwa na doa la kahawia na tone la utomvu lililokauka. "Mama, hapa ndipo alipotaga." Akamenya ganda taratibu. Chini yake vililala vijiyai vyeupe, vyembamba, kila kimoja kama milimita moja tu kwa urefu. Kisha akaokota embe iliyooza chini, akamtoa funza mnene, akamweka kiganjani mwangu. Yule funza akajikunja mpaka kichwa kikakutana na mkia, akajifyatua, akaruka na kuanguka mchangani. Kabla sijainama kumtazama alikuwa ameanza kuzama.

Hapo ndipo nilipoelewa. Yai limo ndani ya tunda, funza yumo ndani ya tunda, na akishiba huingia udongoni, sentimita chache tu chini, akajigeuza pupa na baadaye akatoka nzi. Kwa joto letu la pwani, safari yote kutoka yai hadi nzi ni wiki tatu au nne hivi. Bomba letu lilikuwa likilowesha majani.

Na nzi huyu si wa chooni. Ana rangi ya kahawia inayokaribia chungwa, mistari ya njano mgongoni na kiuno chembamba. Asili yake ni Asia. Mwaka 2003 aligunduliwa pwani ya Kenya, na mwaka huo huo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wanasayansi walimpa jina Bactrocera invadens wakidhani ni aina mpya, na mwaka 2015 wakakubaliana kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia. Nzi wa embe wa kwetu walikuwapo tangu zamani, lakini huyu mgeni aliwazidi nguvu mitini. Kwa hiyo wazee wanaosema embe za utotoni mwao hazikuwa hivi, mimi nawaamini.

Tangu siku ile kazi yetu imehamia chini ya mti. Kila asubuhi, kabla ya jua kukolea, tunaokota embe zote zilizoanguka, hata ile inayoonekana nzima. Tunazifukia kwenye shimo lenye kina cha zaidi ya nusu mita na kuushindilia udongo, maana shimo la juujuu linamtunzia nzi watoto wake. Ardhi ikiwa ngumu, tunazitia kwenye mfuko mzito wa nailoni, tunaufunga kwa kamba na kuuacha juani mpaka kila kilichomo kife. Kuzitupa jalalani ni kuwahamisha tu. Nasema haya kwa msisitizo kwa sababu kila anayenitembelea huuliza kwanza dawa, na akisikia habari ya kuokota hukunja uso.

Msaada wa pili ulikuwa juu ya mti tangu awali. Bibi mmoja wa jirani, mtu wa minazi tangu usichana wake, alinikuta nikimwelekeza kijana wa bomba aanze na viota vya maji moto, wale chungu wa mitini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, hao waache. Mnazi wenye maji moto hauangushi vidaka ovyo." Alikuwa anasema kweli iliyokwisha kuchunguzwa. Miaka ya 1950 mtafiti Michael Way alifanya kazi Unguja, akaona kwamba chungu hawa wanamzuia mdudu anayefyonza nazi changa hadi zianguke. Mdudu huyo kwa jina la kitaalamu anaitwa Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Way. Kusini, Mtwara, maji moto hao hao wanajulikana kwa kuwashambulia mbu wa mikorosho. Na utafiti uliofanyika Benin ulionyesha kwamba miembe yenye maji moto wengi hupata hasara ndogo sana ya nzi wa matunda: chungu wanamsumbua nzi asitage, na hata harufu wanayoiacha kwenye tunda humfukuza.

Nikaanza kuwatazama. Siku moja nilisimama muda mrefu nikiangalia wakijenga kiota. Wamejipanga safu, wameng'ata kingo za majani mawili na kuzivuta zikutane. Wengine wakaja wamebeba watoto wao wachanga midomoni, wakawa wanawapitisha huku na huku kati ya majani, maana uzi mweupe wa kushonea hutoka kwa watoto hao. Baada ya kuona kazi ile sikuweza tena kuagiza wapulizwe.

Maji moto wanauma, na hilo silifichi. Siku ya kuchuma tunajipaka majivu mikononi na miguuni, na mpandaji hakai juu muda mrefu. Pia chungu hawa huwafuga vidugamba kwa ajili ya utamu wao, hivyo matawi mengine hupata weusi wa ukungu. Hasara hiyo naikubali. Mwembe mmoja haukuwa nao kabisa, kwa hiyo jioni moja tulikata viota kutoka mti wenye wengi, tukavifunga kwenye gunia na kuvitundika huko. Vilitoka kwenye ukoo mmoja, kwa sababu koo tofauti hupigana hadi kufa. Kisha tukafunga kamba kutoka mti hadi mti, wawe na njia yao ya kupita bila kushuka chini, ambako wale sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa huwavamia.

Mtego wa chupa tunao pia, wenye kivutio cha kununua. Unanasa madume tu, na majike waliokwisha kupandwa huendelea kutaga, kwa hiyo mimi nautumia kujua nzi wameanza kuongezeka lini.

Mazoea haya yameingia hadi ndani ya nyumba. Sasa mdudu akinisumbua nauliza kwanza anazaliwa wapi. Mbu wenye madoa meupe, wanaouma mchana na kuleta homa ya dengi, nilikuwa nikiwapulizia sebuleni, kumbe wanazaliwa uani: kwenye vifuu vya nazi, kopo, ndoo iliyosahauliwa. Mayai yao hushika ukingo wa chombo na hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi, ndoo inasuguliwa. Mende nao wamepungua tangu tuanze kufuta mafuta jikoni usiku na kuziba nyufa nyuma ya kabati.

Embe sasa tunakula za kwetu. Si zote, baadhi bado zina funza, lakini ni chache ukilinganisha na zamani. Kinachobaki ni mipera ya uwanja wa jirani, inayozaa wakati embe hazipo na kuwalea nzi mpaka msimu wetu ufike. Nimezungumza na mwenye nayo, mama mwenzangu, kwa upole maana mti ni wake. Amekubali mapera yaliyoanguka yaokotwe, na wanangu ndio wanaomsaidia. Tumechimba shimo moja mpakani la nyumba zote mbili, na jirani wa upande wa barabarani ameuliza kama naye anaweza kulitumia.