Bagamoyo kwa Kamera Isiyovuta Mbali



Bagamoyo ni mji wa kale katika pwani ya Tanzania, yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Kwa familia inayotaka safari ya siku moja yenye mafunzo, ni mahali pazuri. Kuna misheni ya mwaka 1868, kuna magofu ya Kaole, na kuna ufuko ambako ngalawa na majahazi huleta samaki.

Kikundi cha akina mama wa kanisa letu kilipokwenda huko, nilichukua kamera moja tu, Fujifilm X100F. Wenzangu wengi waliniuliza habari zake, kwa kuwa sura yake ni kama ya zile kamera za filamu walizokuwa nazo baba zetu. Basi nieleze jinsi ilivyofanya kazi, ili mama anayefikiria kununua apime mwenyewe.

Kamera yenyewe

Kamera za aina hii zilianza kuuzwa mwaka 2011. Hii ya F ilitoka mwaka 2017. Ni ya kidijitali, haina filamu, na uzito wake haufiki nusu kilo. Juu yake kuna magurudumu madogo yenye namba, na kwenye lenzi kuna pete ya kuongeza au kupunguza mwanga unaoingia. Ukiiangalia tu, hata kabla ya kuiwasha, unajua imepangwaje.

Lenzi yake haitoki wala haibadilishwi. Tena haivuti kitu cha mbali kikaonekana karibu. Ukitaka uso wa mtu uonekane vizuri, hapana budi umsogelee mpaka zibaki hatua mbili hivi. Wengine huona hilo ni kasoro. Mimi Bagamoyo ilinifundisha vingine.

Katika misheni

Misheni ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, nao waliwakomboa watumwa na kuwapa makao. Katika mnara wa kanisa la zamani ndimo ulimolazwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza.

Ndani mna giza. Hapo kamera hii ilistahili sifa. Lenzi yake hupokea mwanga mwingi, nikapiga bila flashi. Tena mlio wake ni mdogo mno, hata mama aliyekuwa akisali karibu nasi hakugeuka. Kwa ibada na mahali patakatifu, hilo ni jambo kubwa.

Wengi wetu tunajua habari za Chuma na Susi, waliokuwa miongoni mwa wale walioubeba mwili huo kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, safari ya miezi mingi kwa miguu. Mwaka huohuo wa 1874 walipelekwa Uingereza, wakapigwa picha huko Newstead Abbey. Lakini katika msafara ule walikuwamo wanawake pia. Mmoja ni Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Yeye hakupelekwa Uingereza. Nilipowaeleza wenzangu habari hii, mmoja akasema, "Hata nyumbani ndivyo ilivyo. Anayepika hayumo kwenye picha." Tulicheka, lakini neno lile lilituingia.

Ufukoni

Jua la saa sita pwani ni kali, na anga huwa jeupe. Kamera nyingi hudanganywa na weupe huo, na nyuso zetu nyeusi hutoka kama kivuli. Katika X100F kuna gurudumu karibu na kidole gumba. Ulizungushe kidogo upande wa kuongeza, na uso utaonekana, macho na tabasamu. Mama wa Kiafrika ajifunze gurudumu hilo kabla ya mengine yote.

Kwenye soko la samaki, mwenye kamera ya kuvuta mbali anaweza kusimama kando na kuwapiga watu picha bila wao kujua. Kwa kamera hii huwezi. Ilinibidi nimwendee mama mmoja mzee aliyekuwa akikaanga samaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba nikupige picha."

"Ngoja kwanza nijifunge kanga vizuri. Unataka watu huko Dar es Salaam wanione hivi?"

Jirani yake alikataa, nami nikamshukuru, tukanunua samaki wake tukaenda zetu. Mtu anayo haki ya kukataa, hata kama ni maskini na wewe umekuja na gari.

Nilimkumbuka Zakayo. Yeye alipanda juu ya mkuyu ili aone kwa mbali. Bwana Yesu alifika chini ya mti ule, akamwita kwa jina, akaenda nyumbani kwake. Kumtazama mtu kwa mbali hakutoshi. Tusogee, tusalimiane.

Je, inunuliwe?

Tuseme kweli. Kamera hii haikukingwa dhidi ya maji na mchanga, na upepo wa bahari una chumvi. Nilipomaliza kupiga niliirudisha mkobani. Ukikaribia sana kitu kidogo kama ua, huku lenzi ikiwa wazi kabisa, picha hutoka laini, haina ukali. Na ukikaa benchi la nyuma kanisani siku ya harusi, usitegemee kupata uso wa bibi harusi.

Bei nayo ni nzito. Ndugu yake mpya, X100VI, ilipotoka mwaka 2024 ilitangazwa Marekani kwa dola 1,599. Fedha hizo ni ada ya shule kwa nyumba nyingi. Ikiwa simu yako inapiga vizuri, usiingie deni kwa ajili ya kamera. Anayepiga picha mara nyingi, na amekubaliana na mumewe, atafute iliyotumika, aikague lenzi na betri kabla ya kulipa.

Lakini lile somo la Bagamoyo halina bei, hata mwenye simu anaweza kulitumia. Usivute picha kwa vidole. Sogea hatua mbili, salimu, omba ruhusa. Kisha, nyumbani, mpe mtoto kamera mara moja kwa juma akupige picha wewe mama, jikoni, na mikono ina unga. Zisafishwe, zibandikwe kwenye albamu pamoja na za harusi na kipaimara. Wajukuu watataka kujua ni nani aliyewapikia wazazi wao.