Kipande Nilichokikata

Mwenzenu nina deni. Desemba niliandika gazetini makala ya safari kuhusu kisiwa cha Mafia, na baadhi yenu mkanitumia ujumbe wa kuisifu. Kila kilichokuwemo kilikuwa kweli: matumbawe, kasa, popo wakubwa wa Chole, dagaa la buluu la maji. Ila kuna kipande nilikikata, na nilikikata mwenyewe, msimsingizie mhariri. Leo nakirudisha.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Nilipotangaza ofisini kwamba likizo yangu naenda kuzamia, jamaa mmoja akauliza: meli gani hiyo, ya Durban au ya Ugiriki? Kwa vijana wa Dar mzamiaji ni yule anayejificha melini kwenda kutafuta maisha. Mimi nazungumzia kuzamia kwa mtungi wa hewa mgongoni, mapezi miguuni na miwani usoni. Kozi niliifanya Unguja, nikapewa cheti cha kushuka hadi mita 18. Mtoto wa Morogoro, kuogelea kwenyewe nimejifunzia ukubwani... basi kichwa kikavimba.

Nilikuwa nimezamia mara sita tu, nne kati ya hizo zikiwa za kozi yenyewe.

Sasa, Kinasi. Huo ni mlango wa Ghuba ya Chole upande wa bahari kuu, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Maji yanapojaa, ghuba nzima inataka kunywa kupitia pale. Yanapokupwa, inatapika kupitia palepale. Na wiki niliyokwenda ilikuwa ya bamvua, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Watu wa pwani mnajua: bamvua ni wakati maji yanapopanda juu kabisa na kushuka chini kabisa, kwa hiyo maji mengi zaidi yanapita mlango uleule kwa saa zilezile. Mkondo unakuwa mkali.

Mwongozaji wetu, kijana wa Jibondo, aliniuliza tukiwa Utende: "Dada, umeshazamia mara ngapi?"

"Ishirini na kitu," nikasema.

"Daftari lako?"

"Nimelisahau Dar."

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, chini ya miguu yangu. Kazi yangu ni kuwauliza watu maswali na kuwanasa wanapodanganya, na uongo ulinitoka laini kama siagi. Kulikuwa na wageni wawili wazoefu, boti ilikuwa moja, na nilijua nikisema sita nitabaki ufukweni kula maembe.

Tuliingia majini saa nane mchana, maji yakiwa yanajaa, ili mkondo ututupe ndani ya ghuba na si nje baharini. Hapa sitatia chumvi: chini kule kuna uzuri. Mkondo unaotutisha sisi ndio unaoulisha mwamba. Tumbawe unaloliona kama jiwe ni mji wa vinyama vidogo vilivyokaa na mikono wazi, vikisubiri maji yawaletee chakula. Kolekole walikuwa wamejipanga wakiangalia maji yanakotoka, hawasogei mbele wala nyuma, kama watu waliopanga foleni. Chewa mmoja mkubwa alikuwa chini ya mwamba, mdomo wazi, akisafishwa meno na samaki wadogo.

Nilisimama kumwangalia huyo chewa. Nilipogeuka, wenzangu hawapo.

Kosa la pili ndilo lililonimaliza. Nilipanda juu ya mwamba ili niwaone. Jamani, karibu na mwamba maji yanakwenda taratibu, ukipanda mita mbili tu unaingia barabara kuu. Yakanichukua. Nikageuka na kuanza kupiga mapezi kurudi nilikotoka, napiga, napiga, na kila nikiangalia chini matumbawe yanakwenda mbele yangu badala ya nyuma. Geji ilikuwa inasoma baa 120 (siyo baa za Sinza, hizi ni za kupimia hewa). Nilipoitazama tena ilikuwa 70. Nilikuwa naihema hewa kama mkimbiaji.

Nilikuwa mita 16, na kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kufyatuka kwenda juu. Mnaojua fizikia mtanielewa: kwenye mita 10 hewa inabanwa hadi nusu ya ukubwa wake. Ukijaza mapafu kule chini, ukabana pumzi na kuchomoka, hewa ile inatanuka njiani na mapafu yanaweza kuchanika. Nilijua hilo, nililijibu kwenye mtihani. Na bado nilikuwa nimebana pumzi.

Sijui niliachia vipi. Nakumbuka nilisikia mapovu yangu mwenyewe, nikayafuata polepole. Kwenye mita 5 nilitakiwa kusimama dakika tatu. Nilisimama, nahesabu, huku mkondo ukiendelea kunibeba na sioni juu wala chini.

Nilipotoka nje sikuona boti. Niliona mawimbi na mstari wa mikoko kwa mbali. Kisha mashine ikasikika nyuma yangu, karibu kabisa, na mzee nahodha ananitazama kama mtu aliyekuja kumpokea mgeni stendi. Nikasema neno la kipumbavu kuliko yote: "Shikamoo."

"Marahaba. Panda."

Alikuwa ameshawachukua wenzangu upande wa pili, akatazama maji, akakisia muda niliokuwa peke yangu, akaja kunisubiri. Nikamuuliza amejuaje. "Wewe hukwenda popote, mwanangu," akasema. "Maji ndiyo yamekwenda."

Yule kijana hakusema kitu mpaka Utende. Wageni waliposhuka akabaki ameshika mtungi wangu. "Dada, ulisema ishirini." Nikamwambia kweli. Nilitegemea apige kelele, hakupiga. "Ningekubeba maiti mpaka Kilindoni, niwaambie nini? Wangesema Mjibondo kamwacha mgeni afe. Wewe ungekuwa umeshanyamaza."

Nimehoji mawaziri, sijawahi kukosa la kusema namna ile.

Hicho ndicho kipande. Gazetini niliandika "mkondo ulitubeba kwa upole", kwa wingi kabisa, kana kwamba tulikuwa wote.

Asubuhi nilitoa daftari mkobani na kumpelekea. Alilifungua, akahesabu ile mistari sita, akafunga. Nilidhani amenifukuza. Akanipeleka sehemu tulivu ndani ya ghuba, mita 9, akanionesha jinsi ya kulala karibu na mwamba na kujivuta kwenye jiwe lisilo na uhai bila kugusa matumbawe. Tulikaa kule karibu saa nzima. Tulipotoka akachukua kalamu, akaandika mwenyewe: namba 7, mita 9, dakika 52. Kwenye nafasi ya maelezo akaongeza: arudi maji mafu.